Shangazi, mwanafunzi wangu anataka kutengeneza filamu ya vita. Nimkatalie?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mchoraji wa kompyuta. Riziki yangu inatokana na mabango, vifungashio na video fupi za matangazo. Tangu mwaka jana, kila Jumamosi asubuhi najitolea katika kituo kinachohudumia wanajeshi wa zamani waliopata ulemavu vitani. Nawafundisha kuchora kwa kompyuta, kusafisha picha, kurekodi sauti na kuhariri video. Darasa ni dogo. Wapo wanaotumia viti vya magurudumu, yupo asiyeona, yupo mwenye mkono mmoja, na wapo wawili ambao ukiwatazama huoni jeraha lolote, lakini mlango ukijibamiza unawaona wanavyoruka.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka nilipomwambia kila mmoja achague kazi ya kumalizia muhula. Mratibu wa kituo alishanionya mapema: "Wape vitu vya kuwachangamsha. Maua, ndege, kadi za sikukuu. Vita hatuvitaki humu." Sasa yuko mzee mmoja, wenzake wote humwita Sajini nami nitamwita hivyo. Yeye ni wa kiti cha magurudumu. Anataka kutengeneza filamu fupi ya dakika chache kuhusu siku gari lao lilipokanyaga bomu la ardhini. Hana picha ya siku ile hata moja, kwa hiyo anataka kuichora mwenyewe, kisha aiwekee sauti. Nilipomtajia zile kadi aliniangalia, akasema, "Mwalimu, maua nimeshachora. Sasa nifundishe kazi."

Nilimwambia aanze kwa kupanga matukio kwenye karatasi wakati nikitafakari. Wiki iliyofuata akaja na sauti ya mlipuko aliyoipata mtandaoni, akaifungua kwenye kompyuta, ikatokea kwenye spika. Mmoja wa wale wawili, ambaye ndiye mdogo wao kwa umri, alinyanyuka akatoka, na hajarudi. Mratibu ameniambia nimpe Sajini kazi nyingine la sivyo darasa lisimame. Sajini anasema akikatazwa haji tena. Yule mdogo wao nilimpigia simu, akasema hana kinyongo na mzee, "ila darasa lile, mimi basi."

Kuna la pili, dogo kidogo. Mwenye mkono mmoja, tumwite Koplo, amebaki na wa kushoto. Kinachowachukua wenzake dakika kumi yeye kinamla kipindi kizima. Muda ukikaribia kwisha huwa nachukua kipanya namalizia, ili naye awe na cha kuonyesha. Anashukuru. Lakini siku hizi ananisukumia kipanya kabla hata sijakiomba.

Shangazi, nimkatalie Sajini? Halafu mimi ambaye sijawahi kushika bunduki, niliyesomea michoro na si utabibu, nina haki gani ya kukaa na habari kama hizi? Rafiki zangu wanasema nijitoe kabla sijaharibu kitu.

Mwalimu wa Jumamosi

*

Marahaba mwanangu.

Usimkatalie. Natanguliza jibu kwa sababu mratibu wako anakusubiri na najua una kikao naye wakati wowote. Lakini ruhusa ya Sajini kutengeneza filamu yake ni jambo moja, na darasa zima kulazimika kuisikia ni jambo jingine. Kilichomtoa yule mdogo wao si filamu, maana filamu yenyewe bado haipo. Ni spika.

Kwa hiyo zima spika. Kuanzia kipindi kijacho kila kompyuta iwe na hedifoni yake, na sauti yoyote ya kazi isikike humo tu, iwe ya mlipuko au ya kengele za harusi. Usiifanye sheria ya Sajini peke yake, atajiona mkosaji. Ni utaratibu wa kawaida wa chumba chochote cha kuhariri sauti, nawe umefanya kazi katika vyumba hivyo, unajua. Tafuta hedifoni zinazofunika sikio lote zisizovujisha sauti. Kompyuta ya Sajini ihamie pembeni, skrini ielekee ukutani, ili anayepita kwenda chooni asikutane ghafla na gari linalowaka.

Na mwanga nao uangalie. Vijana wanaotengeneza matukio ya milipuko hupenda skrini ipigepige nyeupe na nyeusi. Miongozo ya kimataifa ya kuwezesha watu wenye ulemavu kutumia intaneti inaonya dhidi ya kitu chochote kinachowaka na kuzima zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kwa sababu kinaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa. Kifafa ni mojawapo ya mambo yanayoweza kumpata aliyeumia kichwani, na katika darasa la watu waliotoka vitani usidhani unajua nani aliumia kichwa na nani hakuumia. Mweleze Sajini hivyo hivyo kama kanuni ya kazi, maana ndivyo ilivyo. Mwako mmoja unaofifia taratibu utamtosha, na kusema kweli utapendeza zaidi.

Sasa yule mdogo wao. Usimpigie kumbembeleza. Mpigie kumwambia kilichobadilika: spika zimezimwa, Sajini anafanyia kazi upande fulani wa chumba, na kiti karibu na mlango, chenye ukuta nyuma yake, ni chake akikitaka. Watu wengi wenye kiwewe hutulia wanapoona mlango na wanapojua hakuna atakayewatokea nyuma. Mwambie pia kwamba akitoka katikati ya kipindi hahitaji kuaga wala kueleza. Ukishasema hayo, nyamaza. Akirudi, karibu; asiporudi, usimhesabu kama hasara yako. Ila ungemuuliza kama angependa kufundishwa siku nyingine, peke yake au na yule mwenzake. Jumamosi si siku pekee katika juma.

Turudi kwa Sajini, maana nadhani hukumwelewa vizuri aliposema umfundishe kazi. Hakukuomba umsikilize. Wa kumsikiliza huenda anao, na kama hana, kituo kinapaswa kumtafutia. Alichokuomba ni ufundi, na ufundi ndicho kitu ulicho nacho tele. Hapo ndipo unapoanza kuhangaika bure: umeona neno bomu ukadhani umegeuzwa daktari.

Chukua ile sauti ya mlipuko. Ifungue kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti. Kabla ya kuisikiliza, mwonyeshe ilivyo kwenye skrini: mstari uliotulia, kisha mawimbi yanafura ghafla mpaka yanagusa juu na chini, kisha yanasinyaa polepole. Unaweza kuihariri yote kwa macho ukiwa umeizima kabisa. Mwonyeshe jinsi ya kuchagua kipande kile kilichofura na kukipunguza nguvu. Akifute kibaki kimya kitupu. Akigeuze kianzie mwisho. Aondoe sauti za juu zibaki za chini tu, isikike kama mtu aliyezama majini. Kila badiliko linaweza kurudishwa kwa kubonyeza Ctrl na Z. Mzee aliyepelekeshwa na sauti ile siku ile, leo ndiye anayeamua iwe na urefu gani na ukali gani. Sisemi kwamba hiyo ni tiba, nawe usiseme. Nasema ni kazi nzuri ya kujifunza, na sauti ya maua haipo.

Halafu muulize maswali ya fundi. Usimuulize, "Ulijisikiaje?" Muulize, "Unataka mtazamaji asikie nini hapa?" Ukimuuliza la kwanza unamfungulia mlango usiojua kuufunga. La pili anaweza kulijibu kwa maneno matatu au kwa saa nzima, kadiri anavyotaka yeye. Usishangae akikwambia kwamba mlipuko wenyewe hataki usikike. Wengi waliokuwa karibu na mabomu na bunduki hubaki na mlio masikioni usiokwisha. Marekani, mlio huo ndio unaoongoza katika orodha ya ulemavu ambao wanajeshi wa zamani wanalipwa fidia. Huenda sauti ya siku yake ni mlio mwembamba tu, halafu midomo ya watu inacheza bila neno kutoka. Sauti ile aliyoitoa mtandaoni ni ya sinema za watu wengine. Mfundishe kutengeneza ya kwake.

Mpangilio wa picha nao uwe hivyo hivyo. Gawa karatasi katika visanduku, kila kisanduku picha moja, naye achague pa kuanzia na pa kuishia. Wanafunzi wengi wa filamu huanzia kwenye kishindo, wakati hadithi iko kwenye kilichotangulia: nani alikuwa anaimba ndani ya gari, nani alibadilishana kiti na nani. Lakini hilo la viti usimchokonoe nalo. Akilitaja mwenyewe, chora naye.

Jambo moja lazima mlizungumze mapema. Katika gari lile hakuwa peke yake. Kama kuna waliokufa, wana wajane na watoto, na sura zao au majina yao yasionekane kwenye filamu bila familia kujua. Sajini anajua pia mambo gani ya jeshi hayasemwi hadharani, basi mkumbushe kwa heshima, usimfundishe. Na filamu ni mali yake. Kituo kisiikate vipande kuombea msaada, wala wewe usiiweke kwenye mkusanyiko wa kazi zako, mpaka yeye aseme sawa. Aseme akiwa ameshaiona imekamilika, si siku alipoanza.

Sasa mpaka wako uko wapi? Kiwewe cha vita si ugonjwa wa kubuni. Waganga wa akili wa Marekani walikiingiza rasmi katika mwongozo wao wa maradhi mwaka 1980, na matibabu yake yanatolewa na watu waliosomea. Wewe si mmoja wao, na darasa lako si zahanati. Kwa hiyo kabla Sajini hajachora kisanduku cha kwanza, mwombe mratibu akuunganishe na mshauri nasaha au muuguzi anayemhudumia. Mweleze kazi itakayofanyika, umuulize kama ana pingamizi, na uwe na namba yake. Na Sajini ajue kwamba umefanya hivyo, usizunguke nyuma yake. Ukimwona ameganda anatazama skrini bila kukusikia, anatetemeka, anatokwa jasho kwa kitu kisichoonekana, au anaanza kusema ingekuwa heri naye angebaki kule, kazi inasimama hapo hapo. Mwite kwa jina lake, mwambie yuko wapi na leo ni siku gani, usimshike bila kumwambia, na umwite mtu wa kituo. Akitaja kujiua usimwache peke yake hata akikuhakikishia kwamba ilikuwa ni maneno tu.

Siku za kawaida, ambazo ndizo nyingi, maliza kila kipindi kwa shughuli kavu. Wahifadhi faili, waandike jina lake na tarehe, wanakili kwenye diski ya akiba, wazime mashine. Kazi za namna hiyo humrudisha mtu chumbani. Nawe anza na umalize kwa saa uliyosema. Hawa ni watu waliolelewa kwa ratiba, na mwalimu anayechelewa dakika ishirini kwa sababu anafundisha bure hawamheshimu, hata kama hawasemi.

Kuhusu mratibu, usiende kubishana naye juu ya uhuru wa sanaa. Yeye ndiye atakayejibu kitu kikitokea, na maua yake yametokana na hofu hiyo. Mpelekee ukurasa mmoja: hedifoni, mahali pa kukaa, mshauri nasaha aliyejulishwa, nani anaitwa mtu akishtuka, na kwamba hakuna onyesho la filamu mbele ya wengine bila kutangazwa mapema kilichomo na bila mlango wa kutokea. Mratibu akishaona kuna utaratibu, nadhani atalegea. Asipolegea, muombe akamweleze Sajini mwenyewe, uso kwa uso. Kibarua hicho si chako.

Koplo. Hapa, mwanangu, nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu ulipoita jambo hili dogo nilitikisa kichwa. Mtu anayesukuma kipanya kabla hujakiomba ameshajifunza somo, na somo lenyewe ni kwamba kazi yake humaliziwa na wewe. Kipanya usikiguse tena. Kaa upande wake wa kulia, kipanya kiwe mbali nawe, na uelekeze kwa mdomo tu. Yakiisha masaa na ndege wake ana bawa moja, basi ana bawa moja, wiki ijayo atalichora la pili. Ulikuwa unataka awe na cha kuonyesha. Atakuwa nacho, na kitakuwa chake.

Lakini pia mzigo mwingine si wa uvivu wala wa mazoezi, ni wa programu zenyewe. Zimeundwa kwa mtu mwenye mikono miwili: mmoja kwenye kipanya, mwingine unabonyeza vitufe. Koplo kila akitaka kubonyeza Ctrl na Shift na herufi kwa pamoja inabidi aache kipanya, anyooshe vidole kibodi nzima, kisha akitafute kipanya upya. Jaribu wewe kuchora ukiwa umeukalia mkono wako wa kulia, utaona saa inavyokwenda. Washa Sticky Keys. Kwenye Windows ni kubonyeza Shift mara tano mfululizo na kukubali. Kuanzia hapo anabonyeza kitufe kimoja baada ya kingine na kompyuta inavihesabu kama vimebonyezwa pamoja. Badilisha vitufe vya kipanya viwe vya mtu wa kushoto, na kipanya chenyewe kiwe cha umbo sawa pande zote, si kile kilichopindwa kwa kiganja cha kulia. Kama mnachorea Krita, ambayo nayo ni ya bure, kitufe cha pili cha kipanya kinaleta duara la brashi na rangi pale pale alipo, hana haja ya kusafiri hadi pembeni mwa skrini. Humo pia kuna mpangilio wa kutuliza mstari, utamfaa yeyote ambaye mkono wake unatetemeka. Ukipata tableti ya kuchorea yenye vitufe kwenye kalamu ni vizuri zaidi. Zipo na pedali za miguu zinazoweza kupewa kazi ya Ctrl au ya kurudi nyuma hatua moja, ikiwa miguu yake haina tatizo. Na kama ana mkono wa bandia, usimwambie auvae. Wengine wakikaa kwenye kompyuta huuvua kwa sababu unawasumbua.

Hili la mkono mmoja si geni. Robert Allen, mwandishi wa habari wa Marekani aliyekuwa kanali, alipoteza mkono wa kulia katika Vita vya Pili vya Dunia. Alimwandikia August Dvorak, profesa aliyebuni mpangilio mwingine wa herufi za taipureta, na profesa akampangia kibodi ya mkono mmoja. Mpangilio huo, wa kushoto na wa kulia, hadi leo umo ndani ya Windows. Simshauri Koplo aanze kujifunza kibodi mpya, hasa kwa kuwa ile ilipangwa kwa ajili ya Kiingereza. Lakini mwonyeshe kwamba ipo. Askari mwenzake alidai, ikatengenezwa.

Asiyeona hukumtaja tena baada ya aya ya kwanza, nami nashuku amekaa anasubiri. Usimlazimishe picha. Weka NVDA, kisoma skrini cha bure kinachofanya kazi vizuri na Audacity, awe mtu wa sauti: simulizi, mahojiano, hata vishindo vya filamu ya Sajini wakikubaliana. Mwaka 1915, katikati ya Vita vya Kwanza, Uingereza ilifungua chuo cha wanajeshi waliopofuka, na kupiga taipu kulikuwa miongoni mwa masomo yake. Mwanzilishi, Arthur Pearson, alikuwa mwenye magazeti aliyepoteza macho yake mwenyewe. Hukosi mfano wa kumwambia.

Umeuliza una haki gani, hujawahi kushika bunduki. Huna haja ya kuwa nayo. Sajini ameshika bunduki, na hajui kuhariri video. Kila mmoja ana lake, ndiyo maana mnakutana Jumamosi. Ukianza kujifanya unaelewa vita ndipo utakapomkera. Sema "sijui" mara nyingi uwezavyo, na uongeze "lakini hii najua inavyofanyika."

Rafiki zako waambie hujitoi, ila tafuta mwalimu mwingine wa kushika zamu moja moja. Unasikia mambo mazito, nawe unahitaji Jumamosi za kulala. Na kabla ya kipindi kijacho nenda mapema kidogo upange zile nyaya za hedifoni, zisije zikajiviringisha kwenye magurudumu ya mzee.

Shangazi